Mlinzi wa Migongo ya Picha

Neno la kwanza ambalo Mlinzi aliniambia maishani ni "Miguu yako inanuka." La pili ni "Ingia." Mvua ilikuwa inanyesha, mimi nilikuwa na miaka kumi, na miguu kweli ilikuwa inanuka. Kwa hiyo sitaanza na mahali alipozaliwa wala nani alikuwa baba yake. Hakuniambia na mimi sikumuuliza. Huku Kindu ukimuuliza mzee habari za ukoo wake, ugali unapoa, unapashwa moto, unapoa tena, na yeye bado yuko kwa babu wa nne.

Alikuwa mtu wa kuangalia miguu. Ukisimama mbele yake macho yalishuka mpaka kwenye vidole vyako, yakabaki huko mpaka maongezi yaishe. Alijua mtaa mzima kwa kandambili zake. Wengine walisema ni adabu ya Waislamu wa zamani, wengine wakasema ni jicho linauma. Mimi nilikaa naye miaka saba bila kujua kama anajua sura yangu.

Kazi yake ilikuwa kuchunga nyumba moja ya huku kwetu Mikelenge, ya matofali, bati limekula kutu, ambayo zamani ilikuwa atelie ya mchoraji, mahali pake pa kuchorea. Mchoraji huyo ni yule yule ambaye wazungu wanalijua jina lake kuliko sisi majirani zake. Vita ilipokwisha walikuja kununua picha zake, wakaondoka naye mwenyewe, akafa mbali, Kinshasa, na tai shingoni. Ndipo wakubwa wa jimbo wakakumbuka kwamba alikuwa na nyumba. Walipigilia kibao mlangoni: Makumbusho. Sisi tuliendelea kusema "kwa Mchoraji", kama vile yuko ndani anatafuta kandambili zake.

Mlinzi hakuwa amechora hata papai. Alikuwa seremala. Miaka ya vita yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza kadre za mbao ambazo mchoraji alitandikia kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa gunia la unga lililofuliwa. "Mimi najua picha kwa mugongo," alikuwa anasema. "Mbele iko ya Patron. Nyuma iko yangu." Na kweli, ukimwonyesha mbele ya picha alisitasita, ukiigeuza alikwambia mbao ilitoka kwa mlango gani, kitanda gani, behewa gani la treni.

Sasa niseme jambo ambalo lilimharibia jina. Mlinzi hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Mama yangu alimpelekea sombe, yaani kisamvu, siku moja ya sikukuu. Alionja, akashukuru Mungu, akasema chumvi imezidi. Mama alikaa mwezi mzima anapita njia ya nyuma. Kwenye kilio cha jirani wa ukuta kwa ukuta, zamu ya kumsema marehemu ilipomfikia, alisimama akasema: "Alikuwa anaiba kuku. Mungu amurehemu. Moja ilikuwa yangu." Akakaa. Kilio kilisimama kabisa. Mjane mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka wakamshika.

Kwa wageni ilikuwa mbaya zaidi. Bwana mmoja mwenye miwani alitoka Kinshasa, akasimama mbele ya picha ya mto wa rangi ya buluu, Lualaba yote buluu, majani buluu, hata ng'ambo buluu. Aliuliza kwa sauti ya misa, buluu hii ina maana gani. Mlinzi akaangalia viatu vya yule bwana. "Ina maana kijani iliisha."

Mimi niko kinyume. Masomoni nimemzika babu yangu mara tatu, kila mara siku ya mtihani wa hesabu, na babu mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa. Najua uongo unavyotembea, unavyopumua, unaanzia wapi. Ndiyo maana nilipenda kukaa barazani kwa Mlinzi. Ilikuwa kama mwizi kwenda kupumzika kwa polisi.

Chumba kikubwa hakuturuhusu, sisi watoto wa mtaa. Kilikuwa cha wageni. Tuliachiwa baraza na chumba cha mbele chenye makopo ya rangi iliyokauka na stuli ya mchoraji. Kwa hiyo niliingia chumba kikubwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, na kalasi nzima, tumepangwa wawili wawili na prof wa historia.

Lazima nieleze tulichokikuta. Mlinzi alikuwa mtu wa sala, na hakuweza kusali ndani ya chumba chenye macho; chumba cha mbele nacho tulikijaza sisi kwa kelele. Ungemwambia basi aende msikitini, uko karibu. Hakwenda. Wakati wa vita alitoka saa moja tu, akarudi akakuta askari wameng'oa mlango na kadre kumi na moja, wamepikia. Tangu siku hiyo hakuiacha nyumba. Kwa hiyo kila adhuhuri na kila alasiri alipita ukuta mmoja baada ya mwingine, akageuza picha zote, nyuso zikatazama matofali, akatandika mkeka, akasali. Akimaliza, anazigeuza tena. Miaka yote hiyo, mara mbili kwa siku, peke yake; sala nyingine zilikuwa za gizani, na gizani picha hazina macho.

Hata picha chache ambazo hazikuchorwa uso alizigeuza. Nilimuuliza baadaye kwa nini anajisumbua, hizo hazina macho. Alisema, "Hao njo wananiangalia zaidi."

Basi sisi tuliingia adhuhuri. Yeye alikuwa nyuma anatawadha, picha zote zimeshageuzwa. Prof wetu hajawahi kufika pale maishani, lakini prof wa kweli hakubali kushangaa mbele ya wanafunzi. Aliangalia mbao, misumari, maandishi ya magunia, akakohoa. Akasema hii inaitwa sanaa ya kisasa, msanii anatuonyesha umaskini wa taifa. Tuandike. Tukaandika. Mimi naapa niliandika: "Misumari saba. Umaskini."

Ndipo nikaanza kusoma, kwa sababu kwenye kila mgongo palikuwa na maandishi ya penseli ya seremala, herufi kubwa zilizolala upande. Jina la mtu. Nguo. Halafu neno "Uso", na mbele yake: "umechorwa". Picha nyingine, uso, umechorwa. Nyingine, uso, umechorwa. Kwenye ukuta wa mwisho haikuandikwa hivyo. Pale iliandikwa: "Uso: atakuja kusema."

Na kwenye mmoja wa migongo ile palikuwa na jina langu. Jina langu lote, la kwanza, la pili, na lile la Kikasai ambalo hakuna mwalimu anayelitamka vizuri. Chini yake: "Mwanaume. Shati nyeupe, tai nyekundu. Mama yake, nyumba za reli. Uso: atakuja kusema."

Niligeuka niangalie nani anacheka. Mtu akikuandalia mzaha kuna mmoja lazima atashindwa kujizuia. Hakuna aliyekuwa anacheka. Wote walikuwa wanahesabu misumari.

Mlinzi aliingia na maji bado yanadondoka kwenye viwiko, akamwona prof, akasema kwa upole kwamba wamekuja mapema, picha ziko upande wa pili. Prof alijibu kwamba alijua. Tulingoja nje. Sala ilipoisha tuliitwa tena, na nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mwisho. Kijana amekaa, mikono juu ya magoti, shati limepigwa pasi vizuri kuliko shati lolote la Kindu, tai nyekundu. Juu ya kola, hakuna. Kitambaa kitupu, laini, kama yai lililomenywa.

Siku hiyo sikumkejeli mtu yeyote mpaka jioni. Rafiki zangu walifikiri nina malaria.

Alinieleza Mlinzi mwenyewe, kesho yake, anapiga randa ubao. Vita ilipokaribia watu walizika vitu kabla ya kukimbilia porini: sahani, cherehani, karatasi, picha za familia ndani ya sanduku la bati. Wakakaa porini miezi. Waliporudi, mvua ilikuwa imekula picha, na watu wengine hawakurudi. Ikawa mtu amekosa mtoto na amekosa hata sura yake ya karatasi. Wakaanza kuja kwa mchoraji.

Mchoraji alikuwa na namna yake. Asubuhi, kabla ya wateja, alichora miili. Mwanaume mwenye koti, mwanaume mwenye kanzu, mama mwenye kitenge, msichana wa komunyo. Miili mitupu bila vichwa ikasimama barazani inakauka. Mama akifika anachagua mwili, anakaa kwenye kiti, anaanza kusema: pua yake hivi, paji hivi, akikasirika hivi. Mchoraji anachora anavyosikia. Mlinzi, kwa sababu mchoraji hakuandika vizuri, anaweka maneno nyuma. Na ilijulikana mji mzima kwamba walio hai mchoraji hakuwachora. Ukishakaa kwenye kiti kile ukasema uso, umeshazika.

Tisa walichagua mwili, wakasema watarudi kesho kusema uso, hawakurudi.

Nilimwambia Mlinzi jina la mgongo ule ni langu, kwamba nimerithi kwa mjomba wangu, na yule mama wa nyumba za reli ni kaku yangu. Kaku ni bibi mzaa mama, kwa watu wa Kasai. Babu yangu alikuja Kindu kuendesha treni. Randa ilisimama. Aliangalia miguu yangu muda mrefu, kama anasoma kitu pale. Akasema, "Iko hai?" Nikasema Kaku iko hai, na ana mkono mzito.

Nyumbani kwetu mjomba hakuwahi kufa. Treni zilikuwa zimesimama, chumvi imekwisha mjini, yeye na vijana wawili wakachukua kigari cha mafundi wa reli, wakakisukuma kwa miti juu ya reli kwenda upande wa Kibombo kutafuta chumvi. Hivyo tu. Tangu hapo anasemwa kama mtu aliyetoka kidogo. Mjomba wako hapendi samaki. Mjomba wako akija atakunyoosha. Mimi nilikua nikimwogopa mtu huyo, ambaye mwaka huu nimepita umri aliokuwa nao alipoondoka.

Nilipomuuliza Kaku habari za picha, alisema haijui nyumba hiyo, akaniuliza kama nimefua suruali ya masomo. Mama akanivuta nyuma ya jiko. Alinong'ona kwamba niache, Kaku hakurudi kwa mchoraji kwa sababu kusema uso ni kumzika mtoto, na mama yetu huyu anangoja. Mtu anayengoja usimguse.

Ningeacha. Mimi si mtu wa kushughulika. Lakini alikuja mtu wa komite kutoka jimboni, na mita ya kupimia, na kijitabu. Alipima kuta. Alisema zile tisa za mwisho zinatisha wageni, na tena hazijaisha, makumbusho si karakana. Zitoke, ziende depo. Depo ni kontena nyuma ya choo, juu limetoboka, ndani mchwa wameshafanya makumbusho yao wenyewe. Gunia la unga lingedumu mle msimu mmoja tu wa mvua. Mlinzi aliuliza kama anaweza kumalizia nyuso. Yule bwana akashtuka kweli; mkono wa mchoraji ni mali ya taifa, hakuna wa kuugusa. Mwishoni alikubali jambo moja: picha ambayo ina maelezo kamili ya mtu, jina, sura, nani amemjua, hiyo ina thamani ya historia, inabaki ukutani. Apewe maelezo kabla ya mwezi kuisha.

Kwa muda fulani Mlinzi hakujua afanye nini. Siku zile walikuwa wameanza kufika watu wa Kivu, waliokimbia vita ya sasa, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori. Mama mmoja alifika barazani, mtoto mgongoni, akauliza yuko wapi yule mzee anayechora watu. Huko kwao wameambiwa Kindu iko mzee. Simu yake ilichukuliwa njiani na picha zote za mume wake zilikuwa mle. Mlinzi alimwambia ukweli, kama kawaida yake: mchoraji amekufa. Mama hakuondoka. Alisimama tu. Mwishoni Mlinzi akamletea stuli, akachukua ubao mtupu aliokuwa anapiga randa, akatoa penseli sikioni. "Sema tu, mama. Nitaandika." Yule mama akasema uso wa mume wake mpaka alasiri, akaondoka na ubao kwapani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na utani tayari kuhusu mwanamke aliyeolewa na ubao, na sikuutoa.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Watakuja kusema, yeye ataandika nyuma, mbele pabaki hivyo. Alifunga nyumba kwa makufuli mawili, mtu ambaye hakwenda hata msikitini, akaanza kutafuta mama wa picha tisa, kila hatua kumi anageuka kuangalia bati lake. Wengine walishahama. Wengine wamekufa, watoto wao hawajui kitu. Wanne walikuja, wakakaa, wakasema. Mama mmoja alisema uso wa binti yake kwa maneno matano, akaenda sokoni.

Kuhusu Kaku nilimpa Mlinzi ushauri wa bure. Nilimwambia aandike tu. Pua moja, macho mawili, mdomo chini ya pua, nani atabisha? Kaku mwenyewe hajui kusoma. Alichukua ufagio. Mzee yule alikuwa na kasi, sikutegemea. Alipochoka kunikimbiza alisema kwa pumzi iliyokatika: "Siandiki uongo mugongoni mwa muntu." Hakunisemesha wiki nzima.

Alikuja kwetu mara tatu. Ya kwanza Kaku alisema ni mgonjwa, na ni kweli aliugua papo hapo. Ya pili alimwambia hana mtoto wa namna hiyo. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku chache mwezi uishe. Mlinzi alisimama uani, anaangalia miguu ya Kaku iliyovimba, Kaku anachambua mchele, hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Tai njo rangi gani?" Kaku akauliza ghafla.

"Nyekundu, mama."

"Hakuwa na tai, mutoto yangu."

"Mama mwenyewe alichagua mwili wa tai."

Kaku alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. Akasema atakuja Alhamisi. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, alishika fremu ya mlango kama treni inaondoka.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri nilimpeleka, nimemshika kiwiko. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Njia nzima hakusema kitu, na mimi vilevile, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mlinzi alikuwa ameweka stuli ya mchoraji mbele ya picha ile. Kaku akakaa. Mimi nikakaa chini ubavuni mwake, mgongo ukutani.

Aliangalia picha muda mrefu.

"Mwili iko mukubwa. Yeye alikuwa mufupi."

Mlinzi alisema siku ile miili ya wanaume ilikuwa imebaki mitatu tu, na miwili ilikuwa ya wazee. Kaku akaitikia kwa kichwa, anakumbuka. Kisha akaanza kusema. Alisema mjomba alikuwa anaiba sukari na kulamba kidole ili isionekane. Alisema alikuwa anatembea upande mmoja kama mtu mwenye haraka mguu mmoja tu. Kwamba aliogopa radi mpaka mkubwa. Kwamba siku ya kuondoka alirudi kutoka mlangoni kuchukua kofia, na yeye Kaku alimgombeza kwa kurudi, kwa sababu kurudi mlangoni ni mkosi. Mlinzi alikuwa na penseli mkononi, haandiki. Anangoja.

"Uso, mama," alisema taratibu.

Kaku akasema alikuwa na sauti nzuri. Akasema alikuwa anapenda mama yake.

"Uso."

Nje kulikuwa na pikipiki zinapita, tulizisikia zote. Kaku alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. Aliposema, alisema kwa ile picha, hakumsemesha Mlinzi.

"Uso ulinitoka."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

Alituambia. Siku aliyochagua mwili alisema atarudi kesho, kwa sababu alitaka kusema uso vizuri, asikosee. Usiku ule alilala akauandaa. Alianza na macho. Akakuta macho ni ya dada yake. Akajaribu pua, ikaja ya babu. Kila alipouvuta ukakimbia. Kesho yake akasema bado kidogo. Alifika mpaka getini kwa mchoraji mara mbili, akarudi. Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu mtoto aondoke. "Mama wa namna gani anasahau uso ya mutoto yake?" Watu wakaanza kusema yule mama anangoja mtoto, maskini. Akawaachia waseme. Ilikuwa afadhali.

Miaka yote ile ya "mjomba wako akija". Niliangalia sakafu. Mimi niliyejua uongo unavyopumua, nilikuwa nimelala chumba kimoja na huu tangu utotoni.

Mlinzi hakusema pole. Alikwenda ukutani, akaitoa picha, akaigeuza, akaisimamisha chini, akapiga magoti mbele ya mgongo wake. Alifuta kwa kidole yale maneno mawili, "atakuja kusema". Penseli ya seremala inafutika.

"Mama," alisema, "mimi nilimuona."

Kaku akainua kichwa.

"Siku ile wanapita na kigari. Nilikuwa kwenye reli natafuta mbao. Nilimuona vizuri."

Wiki mbili kabla, pale barazani, nilikuwa nimemuuliza kama alimjua hata mmoja wa wale tisa, na alinijibu hata mmoja, hakuwahi kumuona hata mmoja. Na Mlinzi akikujibu, amejibu. Niligeuka kumtazama.

Alikuwa ananitazama. Si miguu. Miaka saba, na ndiyo mara ya kwanza niliona macho yake, na kumbe moja lilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Alinitazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Uso murefu kidogo," alisema, akaandika.

Kaku akainama mbele kwenye stuli.

"Nyusi nzito. Karibu zinakutana."

Mkono wa Kaku uliacha kitenge.

"Masikio yametoka nje." Hapo nilitaka kubisha, kuna mambo mtu hasemwi mbele ya bibi yake. "Pua pana, imekaa chini."

"Ndiyo," Kaku alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo. "Ndiyo. Njo yeye. Pua ile."

"Kovu dogo kwenye kidevu, upande wa kushoto."

Ilikuwa chunusi. Niliiminya asubuhi ile ile mbele ya kioo cha mama.

"Alianguka na kinga," Kaku akasema, anacheka na machozi yameshafika shingoni. "Njia ya Lokandu. Nilimuosha mimi na maji ya chumvi, akalia kama mutoto mudogo. Ndiyo. Ndiyo, baba, njo yeye."

Mlinzi aliandika na kinga, yaani ile baiskeli, na njia ya Lokandu, na maji ya chumvi. Herufi zililala zaidi kuliko kawaida. Nilijua sasa anafanya nini, na nilijua kwamba yeye anajua kwamba mimi najua. Sijui ni nani tulikuwa tunamweka nyuma ya shati lile jeupe. Hata leo sijui. Maana kuanzia siku ile Kaku akikumbuka mtoto wake ataniona mimi, na yule mwingine, wa kweli, aliyerudi kuchukua kofia, hatakuwa na mtu wa kumkumbuka tena.

Nilikuwa na neno la kusema. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, zuri, kalasi nzima ingeanguka chini. Nikafunga mdomo na kuutuliza vizuri, maana Mlinzi alikuwa amechonga penseli upya na alikuwa bado hajafika kwenye mdomo.